Kununua baiskeli ya kwanza ya milimani kwa pesa kidogo

Tuseme una laki tatu za Kitanzania na unataka baiskeli ya kupandia vilima, njia za mashambani na barabara za vumbi. Sokoni utaoneshwa za aina mbili. Kuna mpya inayong'aa, yenye springi mbele na nyingine katikati ya fremu, breki za diski mbele na nyuma, na stika kubwa ya gia 21. Pembeni yake imeegemezwa ya mtumba, rangi imechubuka, nyuma haina springi, matairi yamekauka. Chukua hiyo ya mtumba, ila uikague kwanza. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ukaguzi huo.

Ile mpya ina kasoro isiyoonekana dukani. Bei yake ndogo imegawanywa kwenye vitu vingi mno. Springi ya katikati inataka fremu yenye kiungo, bushi na bolti zake. Kwa bei hiyo bushi huwa za plastiki, hulegea mapema, na dukani huzipati za kubadilisha. Unapokanyaga kupanda mlima, springi inanyonya nguvu zako, na baiskeli yenyewe inaweza kufika kilo 17 au zaidi. Nyingi hubandikwa kikaratasi kidogo kwenye fremu kinachosema zisitumiwe kwenye njia mbaya wala kurukia. Kisome kabla muuzaji hajakibandua. Gia 21 nazo si sifa, ni meno (yaani vigurudumu vyenye meno) 3 ya mbele mara 7 ya nyuma tu. Baiskeli nzuri na mbovu zote zinaweza kuwa nazo.

Ya mtumba kutoka kampuni inayojulikana, yenye springi mbele tu au isiyo na springi kabisa, ilitengenezwa na mtu aliyeweka pesa kwenye fremu, habu (kitovu cha gurudumu) na breki. Majina ya kuangalia ni kama Trek 820, Giant Boulder, Specialized Hardrock, GT Avalanche, au chochote cha Marin, Kona, Scott na Merida. Jina peke yake lisikulevye, kwani stika hununuliwa. Tazama kama jina hilohilo liko pia kwenye kiti, usukani na vishikio, na kama maungio ya fremu yamechomewa kwa mstari ulionyooka.

Kugawa pesa

Usinunue baiskeli ya laki tatu kwa laki tatu. Toa 210,000 kwa baiskeli, bakiza 90,000. Kwa shilingi za Kenya au Uganda gawanya vivyo hivyo, saba kwa tatu. Hakuna mtumba unaotoka sokoni ukiwa tayari kwa mlima: utahitaji waya za breki, pedi, pengine cheni na tairi moja, pampu, na kofia ngumu. Kofia inunuliwe mpya. Iliyokwisha kuanguka huwa imebonyea povu la ndani, na nje haioneshi chochote.

Ukubwa wa fremu

Hili halina dawa baada ya kununua. Breki hubadilishwa, gia hubadilishwa, fremu kubwa kuliko wewe itabaki kubwa. Simama ukiwa umepitisha miguu pande mbili za bomba la juu, nyayo zote chini. Kati ya bomba na mapaja kuwe na nafasi ya sentimita 5 angalau, maana njia ya mlimani hukulazimisha kushuka ghafla mahali ambapo ardhi imebonyea.

Fremu hupimwa kwa inchi, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli hadi juu ya bomba linaloingiza kiti. Mtu wa sentimita 155 hadi 165 atafute inchi 14 mpaka 16. Wa 165 hadi 175, inchi 16 mpaka 17. Wa 175 hadi 185, inchi 18 mpaka 19. Ukisita kati ya mbili, chukua ndogo. Bomba la kiti hupandishwa, lakini lisipite alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Likipita huivunja fremu pale juu. Kipimo cha kiti ni rahisi: kaa, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama upande.

Ringi, na mtego wa inchi 26

Baiskeli za milimani zina ringi za inchi 26, 27.5 au 29. Kwa bajeti hii 26 ndiyo yenye akili. Tairi na tyubu zake unazipata mpaka duka la vipuri la mji mdogo, wakati kwa 27.5 unaweza kuagiza mjini na kusubiri basi.

Sasa mtego. Kuna tairi limeandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, na lingine limeandikwa 26 x 1⅜. Yote yanaitwa inchi 26, na haya mawili hayaingiliani. La nukta ni la ringi ya milimita 559, la sehemu ni la milimita 590, la baiskeli za kawaida za mjini. Watu hurudi nyumbani na tairi lisiloingia, au linaloingia likachomoka. Usisome inchi. Ubavuni mwa tairi tafuta namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari, mfano 50-559. Ya mwisho ndiyo inayotawala: 559 kwa 26 ya milimani, 584 kwa 27.5, 622 kwa 29.

Angalia pia mdomo wa tyubu. Mnene kama wa gari unajazwa popote, hata kituo cha mafuta. Mwembamba wenye kinati kidogo juu unahitaji pampu yake au kichwa cha kugeuzia.

Gia na breki zinazotengenezeka mtaani

Nyuma tafuta meno 7 au 8. Cheni moja hufanya kazi kwa 6, 7 na 8, kwa hiyo fundi yeyote ana ya kukuwekea. Ukiona meno 10, 11 au 12 kwenye baiskeli ya bei hii, jua yamechakaa, na cheni pamoja na kaseti yake (fungu la meno ya nyuma) vitakula zile 90,000 zote. Kwa Shimano, ngazi kutoka chini kwenda juu ni Tourney, Altus, Acera, Alivio, Deore. Acera au Alivio iliyotunzwa inatosha kabisa, na Altus si ya kudharau.

Kuna tofauti ya friwili na kaseti, namna mbili za kufunga meno ya nyuma. Friwili hufungwa kwa nyuzi juu ya habu, na beringi ya upande wa kulia inabaki ndani sana, mbali na fremu. Ekseli inapata mzigo mahali isipoegemezwa, ndiyo maana hupinda au kukatika kwa mtu mzito au anayeruka mashimo. Kaseti huvaa juu ya habu yenyewe, na beringi iko karibu na ukingo. Ukiwa na chaguo, chukua kaseti.

Breki za V, zile zinazobana ringi kwa mikono miwili mirefu, ndizo rafiki wa bajeti ndogo. Waya, pedi, basi. Diski za waya nazo zinafaa kama sahani haijapinda. Za mafuta zinafunga vizuri sana zikiwa nzima, lakini ukibana ukakuta mkono wa breki unazama kama sponji, kuna hewa au kuna kuvuja, na hapo usikubali kauli ya “inajazwa tu oili.” Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini. Kuna kampuni nyingine zinazotumia DOT, yale ya breki za gari. Ukitia DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya ndani huvimba na breki imekwisha.

Jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa wameshaanguka: baiskeli kutoka Uingereza na Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia, na nyingi zilizotoka Ulaya bara na Marekani iko kushoto. Kabla hujapanda, bana mmoja mmoja utazame gurudumu lipi linashikwa. Kama si ulivyozoea, waya za V hubadilishwa upande kwa muda mfupi.

Ukaguzi

Nenda mchana, na siku ambayo hakuna mvua. Beba kitambaa, sumaku ndogo, futi ya fundi cherehani au ya chuma, spana namba 15, na alenki za 4, 5, 6 na 8. Rula ya shule ya sentimita 30 haitoshi kupimia cheni, utaona kwa nini.

Anza na fremu. Pindua baiskeli, futa udongo chini ya bomba kuu linaloteremka kutoka shingoni, hasa sentimita 10 za kwanza nyuma ya shingo. Ukiona rangi imekunjamana au imepasuka kwa mstari wa mviringo, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Iache. Kisha pitisha kidole kwenye maungio ya ekseli ya pedeli, juu ya bomba la fremu linaloingiza kiti, na pale ambapo mabomba ya nyuma yanashika gurudumu. Ufa mwembamba hushika uchafu na kuwa mstari mweusi. Futa, ukirudi palepale ni ufa. Sumaku ikinasa, fremu ni ya chuma, na chuma kikipasuka fundi mzuri anaweza kukichomea. Isiponasa ni alumini. Alumini iliyochomewa karakana ya mtaani hupoteza ugumu sehemu iliyopata joto na hupasuka tena pembeni ya weldi. Ukikuta imechomewa, hata kama ni nadhifu namna gani, ondoka.

Legeza bomba la kiti, lizungushe, lipandishe, lishushe. Lisipogeuka limegandia. Hili ni balaa la pwani hasa, Tanga, Mombasa, Unguja, ambako chumvi ya hewa huunganisha alumini na chuma. Muuzaji atasema kinapigwa nyundo kinatoka. Mwambie akipige yeye, kabla hujalipa.

Shingo ina majaribio mawili. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye mwanya wa juu wa shingo: ikicheza, beringi zimelegea, na mara nyingi ni kukaza tu. Halafu inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu sana. Ukihisi unanasa katikati, kama umeingia kwenye kijishimo, vikombe vimebonyezwa na gololi na ni vya kubadilisha.

Springi za mbele: egemea usukani kwa uzito wako. Zishuke na kurudi. Tazama mabomba ya ndani yanayoteleza. Kutu au michirizi inayokwaruza ukucha huua mipira ya kuzuia vumbi. Springi iliyoganda si mwisho wa dunia kama bei imeshuka ipasavyo. Foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ngumu ya chuma, isiyo na springi, ni bora kuliko springi ya bei ya chini iliyokufa, na ni nyepesi zaidi.

Magurudumu ndiyo yanayostahili muda wako mwingi. Zungusha kila moja ukitazama mwanya kati ya pedi na ringi. Mchezo wa kulia na kushoto usiozidi milimita 3 hunyooshwa kwa spoki. Mruko wa juu na chini, au ringi iliyobonyea ukingoni, hainyooki vizuri. Hiyo ni ringi mpya. Kamata spoki mbilimbili uzibane kuzunguka gurudumu lote. Ukikuta nyingine zimelegea na nyingine zimekaza kama nyuzi za gitaa, ringi imevutwa kwa nguvu iwe ya kuuzika, na itarudi ilivyokuwa baada ya safari chache. Kwa breki za V, weka kidole kwenye uso wa ringi unaobanwa na pedi: ukiwa umeingia ndani kama kijiko, ukuta umelika na siku moja utapasuka kwa presha ya tairi.

Kujua ekseli iliyopinda, inua gurudumu la nyuma, lizungushe kinyume, uangalie kwa nyuma meno yakiyumba. Friwili kuyumba kidogo ni kawaida. Ncha za ekseli zenyewe ndizo zisiyumbe unapolitoa gurudumu na kuizungusha kwa vidole. Ukizungusha hivyo usikie mchanga, gololi na grisi zinahitaji kazi. Si ghali, lakini ihesabu.

Shika mikono yote miwili ya pedeli, isukume upande kwa upande. Ikicheza yote kwa pamoja, beringi ya katikati imekufa, inabadilishwa. Ukicheza mmoja tu, ni hatari kubwa zaidi kuliko inavyoonekana: tundu la pembe nne la mkono huo limeshalika. Kukaza bolti kutaushikilia siku mbili tatu, kisha utalegea tena. Weka bei ya mkono mpya.

Cheni sasa. Weka futi kwenye kiini cha pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya inasoma inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8, ndiyo sababu rula ya sentimita 30 inakuangusha kwa milimita 5. Ikisoma inchi 12 na 1/16, badilisha cheni. Ikifika 12 na 1/8, meno ya nyuma yameshalika kufuata cheni ndefu. Ukiweka cheni mpya juu yake itaruka kila unapokanyaga kwa nguvu. Hapo hesabu cheni na friwili pamoja.

Simama nyuma ya baiskeli utazame mkono wa gia wa nyuma. Vijigurudumu vyake viwili viwe wima chini ya meno. Vikiinama kuelekea spoki, sikio la fremu, pale mkono huo unapofungwa, limepinda kwa kuanguka. La chuma hunyooshwa. La alumini lililofungwa kwa bolti hubadilishwa, ila kila fremu ina umbo lake na huenda usilipate. Lililo sehemu ya fremu ya alumini, kulinyoosha mara ya pili ni kulivunja. Ukilipuuza, siku utakapoweka gia nyepesi kabisa kupanda mlima, mkono utaingia kwenye spoki na kuharibu gurudumu pia.

Mwisho iendeshe. Bana breki zote mbili kwa mwendo wa kutembea kwanza. Kisha tafuta kilima kifupi, weka gia nzito kidogo, simama ukanyage. Cheni ikiruka, umeshajua sababu. Muuzaji akikataa usijaribu kwenye kilima, acha kitambulisho au simu mezani kwake. Akiendelea kukataa, nenda kwa mwingine.

Kujadili bei

Usiseme “punguza” tupu. Taja kitu kwa kitu: “Kaka, cheni imefika mwisho, friwili nayo, na ringi ya nyuma imeyumba. Toa bei ya cheni, friwili na kunyoosha ringi, nalipa sasa hivi.” Uwe umeshapita kwa fundi au duka la vipuri siku hiyohiyo ukajua bei zake. Kwa fremu yenye ufa, kiti kilichoganda vibaya, au nyuzi za ekseli ya pedeli zilizokwisha ndani ya fremu, hakuna punguzo la kutosha.

Na tazama namba ya fremu, kwa kawaida imegongwa chini, kwenye kasha la ekseli ya pedeli. Ikiwa imekwaruzwa kwa tupa, baiskeli hiyo ina mwenyewe anayeitafuta. Ukinunua kwa mtu binafsi, andikishaneni: namba ya fremu, rangi, bei, jina na namba ya kitambulisho cha muuzaji, saini zenu na shahidi mmoja. Tanzania, mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa hushuhudia maandishi ya namna hii. Piga picha namba hiyo uihifadhi.

Zile 90,000

Breki kwanza: pedi na waya mpya mbele na nyuma. Waya wa breki ni mnene, milimita 1.5 au 1.6, wa gia ni 1.1 au 1.2. Usikubali wa gia utumike kwenye breki, utakatika. Pedi za V ziguse ringi tu, zisipande kwenye tairi, kwani zitalikata ubavu.

Kisha tairi. Likiwa na nyufa ubavuni au nyuzi zimeonekana, litoke. Kama pesa inatosha moja, weka jipya mbele: gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha, la mbele likiteleza umeshaanguka. Kwa 26 x 2.1 na mwendeshaji wa kilo 70, presha ya PSI 30 hadi 40 inatosha kwenye njia ya udongo. Wanaojaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe ndio wanaoteleza kwenye kokoto. Chini ya 25, kila jiwe litakubana tyubu dhidi ya ringi na kukupa pancha ya matundu mawili kama jino la nyoka.

Ukitoa pedeli, kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume, yaani kwa kuizungusha kulia. Mafundi wachanga wameharibu nyuzi nyingi hapo. Zipake grisi kabla ya kurudisha. Kaza bolti za mikono ya pedeli kwa alenki ya 8 au soketi ya 14, kisha zikaze tena baada ya safari ya kwanza na ya pili, maana zile zinazolegea hulegea mapema.

Cheni isipakwe oili chafu ya injini, ingawa fundi atakuwa nayo kopo zima bure. Ina unga wa chuma na inakamata mchanga, na mchanganyiko huo unasaga meno. Tone moja la oili nyepesi kwa kila pini, hata ya cherehani, izungushe, ngoja dakika kumi, kisha ifute kwa kitambaa mpaka ikauke nje. Ya cherehani hukauka upesi, kwa hiyo irudie kila baada ya mvua.

Kabla ya kwenda Lushoto, Pugu au Karura, izungushe mtaani kwa wiki moja ukiwa na spana namba 15, alenki, viraka, gundi na pampu kwenye mfuko. Waya mpya hunyooka siku za mwanzo: breki zitalegea na gia zitaanza kusita. Zungusha kile kipipa kidogo mwishoni mwa waya nusu mzunguko kwa wakati, kukitoa nje, mpaka cheni ipande jino bila kelele.